Mlenga Shabaha Mpya Aombe Daraja Lini?

Bugeshi ni tarafa ya baridi na ukungu katika wilaya ya Rubavu, ambayo wazee wengi bado huiita Gisenyi, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo. Watu wake wengi hulima viazi katika udongo mweusi wa volkano, na hapana mkulima wa huko aonaye haya kuliweka gunia lake juu ya mizani. Mizani haimtukani mtu. Humwambia kilo zake, naye akajua kama msimu ujao atafute mbegu nyingine au aongeze samadi. Lakini kijana yuleyule wa Bugeshi akiisha kuvaa sare ya polisi au ya jeshi, na akavutwa na mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, mara nyingi huanza kuiogopa mizani. Husema: "Sijawa tayari. Ngoja kwanza niwe hodari, ndipo nitakapokwenda kupimwa." Mwenzake naye hufanya kinyume: hajajua hata kuichomoa bastola mkobani kwa usalama, lakini keshauliza cheti cha ubingwa kinatolewa wapi.

Makala haya yanawahusu wote wawili, pamoja na wake, waume na wazazi wao, maana mchezo huu huingia nyumbani kwa njia nyingi.

Si mchezo wa kigeni tena kwa askari wa Afrika ya Mashariki. Mwezi Machi 2023, mji wa Kigali ulipokea Michezo ya nne ya EAPCCO, yaani ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki ulioundwa mwaka 1998, na kulenga shabaha kulikuwa miongoni mwa michezo iliyoshindaniwa, pamoja na mpira, ndondi, judo na kuvuta kamba. Nchini Kenya, uwanja wa shabaha wa Kirigiti, karibu na mji wa Kiambu, umekuwa mahali pa kukutania walenga bastola wanaofuata kanuni za kimataifa. Na katika Olimpiki bastola imo tangu michezo ile ya kwanza ya Athens, mwaka 1896. Basi kijana anayejifunza leo ana haki ya kutazama mbali, na katika safari yake hana budi kukutana na neno hili: daraja.

Daraja ni kipimo cha ustadi kinachotolewa kwa jaribio maalumu, ili mtu ajue amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Jambo lenyewe ni la zamani katika majeshi. Kabla ya vita vya mwaka 1914, askari wa miguu wa Uingereza alipimwa kila mwaka kwa bunduki yake akawekwa daraja la tatu, la pili, la kwanza, au la juu kabisa la mlenga shabaha mahiri, na malipo yake yaliweza kuongezeka kwa ajili hiyo. Katika mashindano ya bastola ya siku hizi hapana posho inayofuatana na daraja. Kuna faida nyingine, kama tutakavyoona.

Vyama vya mchezo huu ni vingi, na kila kimoja kina mizani yake. Katika ulengaji wa Marekani wa kusimama mahali pamoja na kutoboa duara la karatasi, hesabu ni nyepesi: mtu aliyepata chini ya asilimia 85 ya alama zote yuko daraja la mwanzo, na anayetaka daraja la juu kabisa hana budi kufikisha 97. Shirikisho la ulengaji wa vitendo, linalojulikana kwa herufi IPSC, lilizaliwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, Luteni Kanali wa zamani wa wanamaji wapiganaji wa Marekani. Hapo mshindani hutembea, hukimbia, hujificha nyuma ya ukuta wa mbao, hubadilisha magazini, na saa inamhesabia. Madaraja yake ni sita. Aliye chini ya asilimia 40 ya kiwango cha mabingwa ni D. Kuanzia 40 ni C. Kuanzia 60 ni B. Kuanzia 75 ni A. Kuanzia 85 huitwa Bingwa, na kuanzia 95 Bingwa Mkuu.

Inafaa tuieleze hesabu yenyewe, kwa sababu ndimo lilimo somo kubwa. Katika mchezo huo alama hugawanywa kwa sekunde. Tuseme jaribio lina risasi 12, na kila risasi ikipiga katikati hupewa alama 5, yaani 60 kwa jumla. Kijana wetu akapata alama 54 kwa sekunde 12. Gawanya: jibu ni 4.5. Ikiwa kiwango cha mabingwa katika jaribio hilo ni 9, basi yeye amepata nusu, asilimia 50, na kwa jaribio hilo yuko daraja C. Sasa mwenzake mwenye pupa akafyatua zote kwa sekunde 8, ila risasi zake zikatawanyika akaambulia alama 36. Gawanya tena: ni 4.5 ileile. Sekunde 4 alizoziokoa zimeliwa zote na matundu yaliyokosa mahali pake. Mwalimu anaweza kumhubiria mwanafunzi juu ya subira mwaka mzima asielewe, lakini hesabu ya mstari mmoja humwelewesha siku hiyohiyo.

Chama kingine, IDPA, kilichoanzishwa mwaka 1996, hakigawanyi bali huongeza. Kila alama uliyoikosa huzidishwa juu ya muda wako, na tangu mwaka 2017 alama moja ni sekunde moja nzima. Kinalo jaribio fupi la daraja lenye risasi 25 tu, kwa umbali wa yadi 10, yaani kama mita 9: mshindani huchomoa bastola na kupiga kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja wenye nguvu, kisha hubadilisha magazini katikati ya mfululizo, na mwisho hupiga nne kifuani mwa shabaha na moja kichwani. Hapana kukimbia wala kujificha. Ni jaribio la mambo ya msingi, na halikosi kumfichua asiyeyajua.

Tukiisha kuyajua hayo, turudi kwenye swali letu: aende lini?

Kwanza tumwambie yule mwenye haraka. Asiende kabla hajawa salama. Sisemi kabla hajawa hodari. Nasema kabla hajawa salama, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Cooper, yule niliyemtaja, alizieneza kanuni nne ambazo kila mlenga shabaha hufundishwa, na ambazo hata mtu asiyepata kushika bastola maisha yake yote afadhali azijue, maadamu anaishi nyumba moja na askari. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa radhi kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yameafiki shabaha. Nayo shabaha uijue, pamoja na kilicho nyuma yake. Katika mashindano ya vitendo, mtu anayeuelekeza mtutu nyuma kupita pembe iliyowekwa, au anayeiangusha bastola yenye risasi, au ambaye bastola yake imelia pasipo makusudi, hutolewa mchezoni papo hapo, awe askari mpya au kanali. Waamuzi hawabishani juu ya hilo, na ni haki yao.

Sasa jaribio la daraja lina saa, na saa huleta pupa. Mtu ambaye mikono yake haijazoea kuchomoa na kurudisha bastola mkobani kwa utulivu, saa ikilia husahau yote aliyofundishwa. Ndiyo maana mimi naona kipimo cha utayari kisiwe alama anazopata mazoezini, bali kiwe hiki: je, anaweza kuchomoa, kupiga, kubadilisha magazini, kuonyesha bastola tupu kwa mwamuzi na kuirudisha mkobani, mara nyingi mfululizo, bila mwalimu kumkumbusha habari ya kidole wala mtutu? Je, anazielewa amri za mwamuzi bila kugeuka kuuliza? Je, amekwisha kushiriki mashindano madogo mawili matatu ya kikosi chake, akayamaliza yote bila kuonywa? Ikiwa ndiyo, basi yuko tayari, hata kama risasi zake bado zimetawanyika kama punje mbele ya kuku.

Na hapa ndipo tunapomgeukia yule mwenye haya, ambaye kwa kweli ndiye wengi wetu.

Akina mama watanielewa upesi. Mtoto akizaliwa hupelekwa kliniki akapimwa uzito, na uzito huo huandikwa kwenye kadi. Mwezi ujao hupimwa tena. Hapana mama asemaye, "Mwanangu bado mwembamba, nitamngoja anenepe ndipo nimpeleke kwenye mizani." Mwembamba ndiye hasa anayehitaji kupimwa, na mstari ule wa kwanza kwenye kadi, hata ukiwa chini, ndio unaoipa maana mistari yote inayofuata. Mlenga shabaha anayengoja mwaka mmoja au miwili kabla ya kupimwa huitupa mistari hiyo ya mwanzo. Siku atakapopata daraja B hatajua kama amepanda kutoka D kwa bidii yake, au alikuwa hapo siku zote akipoteza risasi.

Zaidi ya hayo, kanuni zenyewe zimetungwa kwa kumhurumia anayeanza. Katika tawi la Marekani la ulengaji wa vitendo, mtu hapewi daraja kwa jaribio moja. Huhitaji matokeo manne kwanza. Baadaye huhesabiwa bora sita kati ya manane ya mwisho. Maana yake ni kwamba yale matokeo dhaifu ya mwanzo hayamfuati mtu kaburini: kila jaribio jipya linasukuma la zamani nje ya hesabu. Anayeogopa kuharibu jina lake kwa alama za mwezi wa kwanza anaogopa kitu ambacho mwaka hautapita kabla hakijafutika. Tena, maadamu kwa kawaida matokeo manne hayapatikani siku moja, anayechelewa kuanza atachelewa pia kumaliza, na mashindano makubwa yakitangazwa atakuta wenzake wamepangwa kila mmoja na walio sawa naye, ilhali yeye hana mahali.

Kwa kweli hiyo ndiyo faida kubwa ya daraja kwa mtu mpya. Bila daraja, konstebo wa miezi sita hulinganishwa na bingwa wa miaka ishirini, na kila mara hurudi nyumbani akiwa wa arobaini. Akiwa na daraja D hushindana na wenzake wa D, na anaweza kuwa wa kwanza wao. Ushindi mdogo wa haki humlea mtu kuliko kushindwa kukubwa kusikomfundisha lolote.

Lakini zipo hila mbili ambazo afadhali tuziseme waziwazi. Wako wanaojishusha makusudi: siku ya jaribio hupiga ovyo ili wabaki daraja la chini, na siku ya zawadi huwafagia wanyonge. Huo ni wizi, tena wizi wa kijinga, kwani wenzao huwajua upesi. Na wako wanaorudiarudia jaribio moja wanalolijua kwa moyo, mpaka siku moja bahati inawapandisha. Hao hupata taabu zaidi, maana daraja likiisha kupanda haliteremki kwa urahisi. Mtu aliyepanda kwa bahati hukaa miaka mingi miongoni mwa majabari, akiwa bingwa wa karatasi.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la askari hasa, nalo ni cheo. Sajini mwenye tepe zake, ambaye amewafundisha vijana kutumia bunduki kwa miaka kumi, huona taabu kusimama mbele ya vijana haohao na kusomewa daraja la mwisho kwa bastola. Hana sababu ya kuona taabu. Bunduki huegemezwa begani, na mtutu wake ni mrefu. Bastola hushikwa mbele ya mwili, na mtutu wake ni kama urefu wa kidole na nusu, hata kosa dogo la kifundo cha mkono huwa kosa kubwa kwenye karatasi. Ustadi wa moja hauhamii kwa nyingine bila kazi. Mkubwa anayekubali kupimwa kwanza, mbele ya vijana wake, huwafundisha jambo ambalo hotuba haiwezi.

Ulimwengu umewaona askari wa namna hiyo. Károly Takács alikuwa sajini katika jeshi la Hungaria na mlenga bastola hodari. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia mazoezini likauharibu mkono wake wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, na mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa lake akashinda. Vita vikaifuta michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944, naye akangoja. Mwaka 1948, huko London, alipata medali ya dhahabu ya bastola ya kupiga haraka kwa umbali wa mita 25, na mwaka 1952 akaipata tena huko Helsinki. Watu husimulia sana habari ya kujifunza kwake kwa siri. Mimi hukumbuka zaidi kwamba siri hiyo haikuzidi mwaka mmoja hivi. Baada ya hapo aliupeleka mkono wake mpya kwenye mstari, mbele za watu, ukapimwe.

Wa karibuni ni Yusuf Dikeç wa Uturuki, ambaye picha yake ilienea duniani kutoka Paris mwaka 2024, mkono mmoja mfukoni, akiwa na umri wa miaka 51. Huyu alikuwa jandamu, mtumishi wa jandarmeri kama ile iliyokuwapo Rwanda mpaka mwaka 2000 ilipoundwa Polisi ya Taifa. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha kwa bastola ya hewa ya mita 10. Wengi waliomtazama walidhani ni mzee aliyepita njiani akaokota medali. Kumbe hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano.

Sasa neno kwa walio nyumbani. Silaha ya serikali mahali pake ni ghalani, na mume au mke asiyeiona nyumbani ashukuru asiulize. Mazoezi ya nyumbani hayahitaji silaha: kusimama vema, kuinua mikono mitupu hadi usawa wa macho, kupumua kwa utaratibu, kuimarisha vidole kwa kukamua kitambaa kilicholowa maji. Katika baridi ya Bugeshi, ambako asubuhi vidole hufa ganzi, zoezi hilo la mwisho si upuuzi, kwani kidole kilichoganda hukivuta kifyatulio kwa ghafla badala ya kukikamua polepole. Na mwenzi wako akirudi kutoka uwanjani, au renji kama wasemavyo askari, usimwulize, "Umeshinda?" Mwulize ilikuwaje, na ni jambo gani la kulifanyia kazi. Mtu akiulizwa kila mara kama ameshinda, upesi hujifunza kutokwenda mahali anapoweza kushindwa.

Vipi kuhusu askari aliye mbali na vyama hivi vya kimataifa, katika kituo cha mpakani ambako hapana mwamuzi mwenye cheti wala mashindano ya kila mwezi? Raia hawezi kujifungulia uwanja wake mwenyewe, maana sheria za silaha haziruhusu, na ni vema zisiruhusu. Lakini askari, kwa idhini ya mkubwa wake na chini ya mwalimu wa kikosi, anaweza kupimwa kwa jaribio la namna moja lisilobadilika: idadi ileile ya risasi, umbali uleule, karatasi ya ukubwa uleule, na saa. Hilo halimpi daraja la kimataifa. Hata hivyo linampa mstari wa kwanza kwenye kadi, na siku atakapochaguliwa kwenda kwenye michezo ya kanda hatakuwa mgeni wa saa wala wa karatasi.

Siku ya jaribio lenyewe alale mapema usiku wake, ale chakula alichokizoea, na afike kabla ya wengi ili awatazame watakaotangulia. Vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho si vya kuazima dakika ya mwisho. Magazini zote zikaguliwe, kwani chemchemi iliyochoka imewaangusha wengi kuliko jicho bovu. Akiitwa mstarini asijaribu kuwa mwepesi kuliko alivyokuwa wiki iliyopita. Apige kwa kasi yake ya kawaida, aone kila shabaha kabla ya kukikamua kifyatulio. Akiisha kumaliza, na bastola ikiwa imekaguliwa na kurudishwa mkobani, asitie sahihi karatasi ya matokeo kabla ya kuyahesabu matundu pamoja na mwamuzi.

Jioni yake aandike kwenye daftari: tarehe, hali ya hewa, bastola aliyotumia, alama, sekunde, na mahali risasi zilizokosa zilipoangukia, kushoto, kulia, juu au chini. Jaribio la pili lifanywe baada ya miezi mitatu hivi, kwa bastola ileile, na ikiwezekana saa ishikwe na mtu yuleyule.